Kumbe Hakuwa Punguani: Msamiati, Sarufi na Maadili katika Simulizi ya Carrie Buck

Ikisiri

Makala haya yanachambua hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ya mwaka 1927 katika shauri la Buck dhidi ya Bell, iliyohalalisha kufungwa kizazi kwa lazima kwa watu waliohesabiwa kuwa na upungufu wa akili, pamoja na simulizi zilizoandikwa baadaye kumtetea mwathiriwa wake. Inajadiliwa kwamba utetezi unaosimama juu ya ushahidi kwamba Carrie Buck hakuwa punguani unauacha msingi wa hukumu ukiwa salama. Uchambuzi unafanywa kwa kuipitisha matini hiyo katika Kiswahili, kwa kuwa maneno kama kizazi, chanjo na punguani, pamoja na kauli ya kutendwa na kiunganishi kumbe, huyaweka wazi mambo ambayo matini asilia iliyapita kimyakimya.

Utangulizi

Tarehe 2 Mei 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu fupi, isiyozidi kurasa nne, iliyoandikwa na Jaji Oliver Wendell Holmes. Majaji wanane waliiafiki. Mmoja, Pierce Butler, aliikataa bila kuandika sababu hata moja. Kwa hukumu hiyo Jimbo la Virginia liliruhusiwa kumfunga kizazi Carrie Buck, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa akizuiliwa katika kituo cha serikali karibu na mji wa Lynchburg. Kituo hicho kiliitwa Koloni la Wenye Kifafa na Wenye Akili Dhaifu. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa uzito wa neno la kwanza la jina hilo. Tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo, mkuu wa kituo, Dkt. John Bell, alimfanyia upasuaji huo kwa mkono wake.

Carrie hakuwa wa kwanza, wala wa mwisho. Jimbo la Indiana lilikwisha kutunga sheria ya namna hiyo mwaka 1907, na kabla ya sheria hizo kufutwa, zaidi ya watu 60,000 walikuwa wamefungwa kizazi katika majimbo zaidi ya thelathini, zaidi ya 8,000 kati yao wakiwa wa Virginia. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria yake Julai 1933 na kuwafikia watu wapatao 400,000. Baada ya vita, huko Nuremberg, mawakili wa watuhumiwa waliikumbusha mahakama kwamba Holmes alitangulia.

Wanasheria na wanahistoria wameichambua hukumu hii kwa miaka mingi. Wanaisimu na wahakiki wa fasihi wameipa nafasi ndogo zaidi, ingawa nguvu yake kubwa imo katika maneno. Ushahidi uliotolewa mahakamani ulikuwa mwembamba mno kuweza kubeba uzito wa uamuzi uliotolewa. Kilichobeba ni lugha.

Safari ya neno

Sheria ya Virginia ya mwaka 1924 iliwapanga kwa mfululizo watu wenye wazimu wa kurithi, wenye upungufu mkubwa wa akili, punguani, wenye akili dhaifu na wenye kifafa. Katika orodha kama hii, koma hufanya kazi ya daktari: mgonjwa wa kifafa na mtoto aliyechelewa kusema wanafanywa wa ukoo mmoja kwa sababu tu wamo katika sentensi moja. Kwa baadhi ya maneno hayo kulikuwa na ngazi ya kitaalamu iliyodaiwa kupimika. Mwaka 1910 Henry Goddard, mwanasaikolojia wa Vineland, New Jersey, alibuni neno jipya kutokana na Kigiriki kwa ajili ya watu wa daraja la juu la upungufu, wale ambao, kwa maoni yake, walikuwa hatari zaidi kwa kuwa walifanana na watu wengine.

Katika aya za mwanzo za hukumu, Holmes anamtambulisha Carrie kuwa mwanamke mweupe mwenye akili dhaifu, binti wa mama mwenye akili dhaifu aliyemo katika kituo kilekile, na mama wa mtoto wa nje ya ndoa mwenye akili dhaifu. Istilahi moja inarudi mara tatu, kama kiitikio. Sifa ya weupe nayo haikuingizwa kwa bahati: tarehe 20 Machi 1924, Virginia ilipitisha kwa siku moja sheria ya kufunga kizazi na sheria ya kuzuia ndoa kati ya Weupe na watu wa mbari nyingine. Walioogopa uzao wa wengine waliogopa pia uzao wa maskini wao wenyewe.

Sasa itazamwe sentensi mashuhuri iliyo karibu na mwisho, ile inayotamka kwamba vizazi vitatu vinatosha. Hapo istilahi imebadilika. Watu walewale watatu walioingia katika hukumu wakiwa na akili dhaifu wanatoka wakiwa punguani. Katikati hakukutolewa ushahidi mpya wala kipimo kipya. Kilichoongezeka ni mdundo. Neno la pili ni zito zaidi na linagonga vizuri zaidi sikioni, na jaji aliyesifika kwa uandishi wake alijua hivyo.

Mfasiri wa Kiswahili anayefika hapa ana maneno mengi mbele yake: punguani, zezeta, taahira, juha. Kiingereza kilichukua maneno ya maabara yakaishia kuwa matusi ya mtaani. Kiswahili hulazimishwa kwenda upande wa pili, yaani kuyavika maneno ya mtaani koti la daktari. Punguani lenyewe linatokana na kitenzi pungua, na kupungua hudai kipimo: kupungua kutoka wapi, kwa mizani ya nani? Juhudi za kuachana na maneno kama kilema na kuweka watu wenye ulemavu, msemo uliokwisha kuingia hata katika jina la Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010, zina maana kubwa. Hata hivyo, mfasiri wa hukumu hii angekosea kuandika kwamba Holmes alizungumzia vizazi vitatu vya watu wenye ulemavu wa akili. Hiyo ingekuwa hisani kwa jaji. Neno punguani liachwe lilipo, kinywani mwake, na mchambuzi atumie lake.

Msamiati huo ulisafiri hadi Nairobi. Mwaka 1933 kiliundwa huko chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari. Mtu wake wa mbele, Dkt. H. L. Gordon, aliyehudumu katika hospitali ya Mathari, alidai kwamba upungufu wa akili ulikuwa umeenea miongoni mwa Waafrika, na mwenzake Dkt. F. W. Vint akapima bongo za marehemu wa Kiafrika kutafuta uthibitisho. Chloe Campbell ameieleza habari hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2007. Serikali ya London haikukubali kuugharimia utafiti huo, na vuguvugu likafifia. Huko Virginia neno lilimtenga mtu mmoja na jirani zake. Nairobi lilitaka kumeza wenyeji wa nchi nzima.

Kizazi na vizazi

Kiingereza kina kitenzi kimoja cha kuua vijidudu katika mkasi wa daktari na cha kumwondolea mtu uwezo wa kuzaa. Waliokitumia kwa watu walinufaika na harufu yake ya usafi. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha namna hiyo. Vyombo hutakaswa, ng'ombe huhasiwa akawa maksai, mwanamke hufunga kizazi. Kutumia kuhasi kwa binadamu ni kumpeleka zizini, na huenda kwa tendo hili neno hilo lingekuwa la kweli kuliko yote. Ila lingepoteza jambo ambalo neno kizazi peke yake ndilo linaloweza kulitoa.

Kizazi ni sehemu ya mwili: husemwa mfuko wa kizazi, husemwa fulani ametolewa kizazi. Kizazi pia ni tabaka la watu katika ukoo, bibi, mama na mjukuu. Katika Kiingereza maana hizi mbili zimo katika maneno mawili yasiyojuana, na kwa sababu hiyo Holmes aliweza kuhesabu vizazi huku akiufanya upasuaji uonekane jambo dogo la hospitali. Katika Kiswahili hawezi. Anayesema kwamba vizazi vitatu vinatosha na anayeamuru kizazi kifungwe wanatumia neno moja. Hesabu ya ukoo na kisu tumboni vinakutana katika sentensi moja. Kuna na upatanisho wa kisarufi: kinachotosha ni vizazi, na kitenzi huchukua vi-. Bibi, mama na mtoto mchanga, ambao wangestahili wa-, wamekwisha kufunikwa.

Kauli ya kitenzi nayo ina lake. Amefunga kizazi ni lugha ya uzazi wa mpango: mwanamke mwenye watoto wake ameamua, na yeye ndiye mtenda. Amefungwa kizazi ni habari nyingine kabisa. Mtaani kauli hiyo husemwa juu ya mwanamke anayedhaniwa kurogwa asizae, na msikilizaji huuliza papo hapo: amefungwa na nani? Swali hilo ndilo linaloifaa hukumu ya 1927, ambayo muundo wake wote umejengwa ili lisiulizwe. Kwa hiyo ripoti na tafsiri zinazoandika kwamba wanawake wenye ulemavu wa akili walifunga kizazi zinapotosha kwa silabi moja tu. Na kuongeza kwa lazima mwishoni hakuiponyi sentensi ambayo tayari imemtaja mwathiriwa kuwa mtenda.

Hoja ya kisheria iliyo kiini cha hukumu inategemea mlinganisho: kanuni inayoruhusu chanjo ya lazima ni pana kiasi cha kuruhusu pia kukatwa kwa mirija ya uzazi. Shauri lililotegemewa ni la Jacobson dhidi ya Massachusetts la mwaka 1905. Hapa Kiswahili ni mtego. Chanjo ni mtoto wa kitenzi chanja, ambacho pia hupasua kuni. Kwa sikio la Mswahili chanjo na ukataji wa mirija ni ndugu wa damu, na mlinganisho unaweza kupita bila kushtua. Ndiyo maana mfasiri mwangalifu angempa msomaji jambo ambalo Holmes hakulisisitiza: Jacobson alikataa chanjo, akatozwa faini ya dola 5. Kati ya faini ya dola 5 na mirija iliyokatwa kuna masafa ambayo neno kanuni liliyaruka kwa hatua moja.

Simulizi ya kumbe

Tangu miaka ya 1980 hadithi ya Carrie Buck imeandikwa upya. Stephen Jay Gould aliandika insha juu ya binti yake mwaka 1984; Paul Lombardo, aliyewahi kuzungumza na Carrie katika siku zake za mwisho, alitoa mwaka 2008 kitabu ambacho kimekuwa marejeo makuu. Waliyoyafukua yanatisha. Carrie alipanda madarasa kama watoto wengine hadi la sita, kisha familia iliyokuwa ikimlea ikamtoa shule afanye kazi za nyumbani. Mimba yake, kwa maelezo yake mwenyewe, ilitokana na kubakwa na jamaa wa familia hiyo, na familia hiyohiyo ndiyo iliyoomba apelekwe Koloni. Harry Laughlin, mtaalamu wa yujeniki, yaani nadharia ya kuboresha uzao wa binadamu, alitoa maoni yake ya kitaalamu juu ya Carrie bila kumwona. Wakili wa Carrie, Irving Whitehead, alikuwa amewahi kuwa mjumbe wa bodi ya Koloni na rafiki wa Aubrey Strode, wakili wa upande wa pili na mwandishi wa sheria yenyewe. Mtoto, Vivian, aliyehesabiwa kuwa kizazi cha tatu cha punguani, hakuwa ametimiza miezi minane shauri liliposikilizwa; shahidi mmoja alisema tu kwamba alikuwa na mwonekano usio wa kawaida kidogo. Alikwenda shule, akawahi kuingia katika orodha ya wanafunzi bora, akafa mwaka 1932 akiwa na miaka minane.

Mambo haya yanaposimuliwa, hupangwa katika umbo ambalo msomaji wa Kiswahili atalitambua mara moja, kwa kuwa ndilo umbo la ngano. Msichana anaolewa na kijana mzuri. Kumbe ni zimwi. Kumbe ni neno la kilele: hupindua kilichodhaniwa na kukiweka kweli mahali pake. Carrie alidhaniwa punguani, kumbe hakuwa. Vivian alidhaniwa punguani. Kumbe alikuwa miongoni mwa wanafunzi bora. Msomaji hushusha pumzi, kwa sababu dhuluma imepata jina, na jina lake ni kosa.

Tatizo liko hapo. Iwapo dhuluma ni kosa la utambuzi, basi kosa hurekebishwa kwa utambuzi bora zaidi: vipimo makini, wakili mwaminifu, shahidi aliyemwona mshtakiwa. Sheria yenyewe haiguswi. Simulizi ya kumbe inamtoa Carrie nje ya uzio na kuufunga mlango nyuma yake, na ndani ya uzio wamebaki wengine. Ni haki kusema kwamba Gould na Lombardo hawakutaka hivyo, na Lombardo hasa anaishutumu sheria pamoja na waliomnyima Carrie haki. Lakini umbo la simulizi lina nguvu kuliko nia ya msimulizi. Katika masimulizi mafupi yaliyotokana na kazi hizo, kadi ya shule ya Vivian ndiyo inayokumbukwa kwanza. Mama yake Carrie, Emma, aliyebaki Koloni hadi kufa kwake, hutajwa kwa haraka. Hana orodha ya wanafunzi bora ya kumwokoa. Na kati ya wale zaidi ya 8,000 wa Virginia walikuwamo watu waliokuwa kweli na ulemavu wa akili. Kwao hakuna kumbe.

Kiswahili kina muundo mwingine unaoweza kuchukua nafasi hiyo: hata kama. Hata kama Carrie angekuwa punguani kwa kipimo chochote, mwili wake usingekuwa mali ya jimbo. Kumbe husimama juu ya ukweli kuhusu mtu; hata kama huukubali ukweli wowote kuhusu mtu huyo na bado hudai haki yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unafuata sarufi hii ya pili. Ibara yake ya 23 inataka watu wenye ulemavu, watoto wakiwemo, wabaki na uwezo wao wa kuzaa kwa usawa na wengine, na haiulizi kwanza akili yao ina kiwango gani.

Wapo wanaoona kwamba msimamo huo ni rahisi kwa wasio na mzigo. Mzazi mwenye binti asiyeweza kujieleza, ambaye kila anapotoka nyumbani humwacha kwa hofu, anaweza kuuona upasuaji kuwa ulinzi. Hofu yake ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini upasuaji haumzuii mbakaji. Huondoa tu mimba, ambayo mara nyingi ndiyo shahidi pekee dhidi yake. Katika habari ya Carrie mpangilio huo uko wazi kupita kiasi. Mimba ilifichua kosa la mtu mwingine, na aliyeondolewa nyumbani, akafungwa, akakatwa, ni yule aliyebeba mimba. Mdogo wake Carrie naye alipasuliwa akiambiwa kwamba anatolewa kidole tumbo. Aliolewa, akatafuta mtoto kwa miaka mingi, na hakujua alichofanyiwa hadi alipokuwa amezeeka. Kwake hata kitenzi kilikuwa kimefichwa.

Hukumu ya 1927 haijawahi kutenguliwa waziwazi. Mwaka 1942, katika shauri la Skinner dhidi ya Oklahoma, Mahakama hiyohiyo iliibatilisha sheria ya kuwafunga kizazi wahalifu, ikaiacha ya Holmes imesimama. Virginia ilifuta sheria yake mwaka 1974, gavana wake akaomba radhi mwaka 2002, na mwaka 2015 jimbo likakubali kuwalipa waathiriwa waliokuwa hai dola 25,000 kila mmoja. Carrie alikuwa amekufa tangu 1983.

Watu wake

Katika Kusadikika ya Shaaban Robert, Karama, aliyeshtakiwa na Majivuno, anapewa nafasi ya kusema, naye anaitumia kusimulia habari za wajumbe sita hadi baraza linageuka. Msomaji aliyelelewa na kitabu hicho huifungua hukumu ya Holmes akitafuta mahali ambapo mshtakiwa anasema. Hakuna. Ni lazima arudi nyuma hadi Septemba 1924, kabla shauri halijafika mahakamani, bodi ya Koloni ilipoketi na kumuuliza Carrie kama alikuwa na lolote la kusema kuhusu upasuaji atakaofanyiwa. Alijibu kwamba hana; jambo hilo liko kwa watu wake.

Jibu hilo limesomwa na wengi kama dalili ya unyonge, au ya kutoelewa. Likitiwa katika Kiswahili linasikika vingine. Watu wangu ni jamaa, ni wale wanaoketi upande wa mtu panapokuwa na posa, msiba au shauri. Msichana aliyeulizwa jambo zito mbele ya wakubwa akajibu kwamba litazungumzwa na watu wake amejibu kwa adabu, tena kwa akili: amekataa kuamua peke yake mbele ya wenye nguvu, na amedai kikao. Jibu hilo lilikuwa sahihi. Waliokosekana ni watu wenyewe. Mama alikuwa mfungwa wa kituo kilekile. Waliomlea ndio waliomleta. Bodi iliidhinisha upasuaji, na wakili aliyepatikana baadaye alikuwa ametoka katika bodi hiyohiyo. Mwezi Novemba, shauri liliposikilizwa katika mahakama ya Amherst, Carrie hakuitwa kutoa ushahidi. Wakili wake hakuita shahidi hata mmoja.